Kwa Mama Sairakan, Mlinzi wa Kinywa cha Burul

Ni mwaka sasa, Mama, tangu kondoo waliposhuka kutoka malisho ya juu, na wewe ukashushwa pamoja nao nyuma ya lori la Mjomba Toktosun, umefunikwa lile zulia jekundu ulilolishona ukiwa mwali. Asubuhi kifua kilikubana, ukasema ni moshi wa samadi. Kabla ya jua kugeuka ulikuwa umeshatuacha.

Hitima yako ya mwaka tumeifanya juma lililopita. Tulimchinja yule farasi jike wa kijivu, uliyekuwa ukimtukana kila siku na kumpa sukari kila siku. Watu walijaa uani wakamwagika hadi barabarani. Yaliyotokea siku hiyo yameshazunguka bonde letu zima la At-Bashy, kila mtu na chumvi yake, kwa hiyo sisi wanao tumeona tukuandikie wewe mwenyewe, na atakayesoma asome. Tunaandika yalivyokuwa. Hukupenda mtu asifiwe kwa jambo ambalo hakulifanya.

Tunaukumbuka mkono wako mpana. Hakuna aliyevuka kizingiti chako kwenda zake bila kuonja mkate. Yule daktari wa mifugo aliyekuja kutuambia ng'ombe wetu ana ugonjwa na lazima auawe, ulimsikiliza mpaka mwisho, kisha ukamwambia, "Sawa, muuaji. Lakini hutoki hapa bila kuonja mkate." Aliuonja huku machozi yakimtoka.

Ulikuwa na sababu zako. Baba yetu Jumabek alitoka asubuhi moja ya theluji kutafuta farasi waliopotea. Ulimfuata mlangoni na kipande cha mkate, kama kila mtu wa kwetu anavyomfanyia anayetoka nyumbani, akakisukuma pembeni. "Nitakula nikirudi." Theluji ya mlimani ikaporomoka, tukampata majira ya kuchipua. Tangu hapo ukaamini kabisa kwamba anayeondoka bila kuonja hana kinachomvuta kurudi. Mwanao Maksat alipokwenda Urusi kufanya kazi za ujenzi, ulimfuata na mkate mpaka ndani ya basi, abiria wakakucheka, ukawaonjesha na wao.

Basi Gulzat, mke wa Maksat, akabaki na wewe. Alikuja kwako msichana mpole, anamimina chai huku ameinamisha kichwa, hasemi mpaka aulizwe, kama mkaza mwana anavyotakiwa mbele ya wakubwa. Ulimpenda haraka. Ulisema, "Huyu hana ulimi, lakini ana masikio. Atafaa."

Kisha akazaliwa Burul.

Alizaliwa na nywele nyeusi kama zetu sote. Miezi ilivyokwenda zikaanza kupauka, zikawa rangi ya majani makavu, na ngozi yake ikawa nyeupe kama maziwa. Pale bombani jirani yetu Anipa akamwambia Gulzat mbele ya watu, "Dada, mwanao anageuka Mrusi. Maksat alimtuma kwa posta?"

Gulzat alijikunyata. Wewe ukaweka ndoo chini. "Anipa, wa kwako ana masikio ya mwenyekiti wa zamani, na hakuna aliyekuuliza yalifika kwa posta gani."

Wanawake walicheka mpaka maji yakamwagika, na Anipa mwenyewe alicheka kuliko wote. Lakini njiani kurudi, Gulzat alikuona unamgeuzageuza mtoto juani, unamtazama nywele.

Halafu ikaja ile harufu. Ulisema kuna panya amefia ndani ya nyumba. Ukaazima paka wa jirani, ukahamisha magunia ya unga, ukafumua kitanda cha kubembelezea mtoto na kuchoma kigodoro chake, kigodoro ambacho Maksat mwenyewe alikilalia. Harufu ikabaki palepale. Ilikuwa inatoka kwa Burul, kwenye jasho lake na mkojo wake. Hakuna hata mmoja wetu aliyejua kwamba mtoto anaweza kunuka panya kwa sababu ya chakula kizuri anachopewa na watu wanaompenda.

Wenzake walisimama. Wenzake walifungwa miguu kwa uzi mweusi na mweupe, watoto wa kijiji wakashindana mbio kuja kuukata, ili wawe watembezi wazuri duniani. Burul hakuwa hata anakaa. Akaanza kuinamisha kichwa ghafla, tena na tena, kama mtu anayekubali jambo. Wewe ulidhani anasali. Gulzat alijua si sala. Alikuomba ruhusa ya kwenda hospitali ya Bishkek, mji mkuu wetu, na hilo ndilo lilikuwa ombi lake la kwanza kwako tangu aolewe.

Ulikwenda naye. Daktari alikuwa mwanamke kijana mwenye macho ya mtu asiyelala vizuri. Aliongea na Gulzat, na Gulzat alimtazama mdomo kama kiziwi.

"Mwili wa mtoto huyu umekosa kitu kimoja kidogo sana. Kuna kitu kingine kilichomo kwenye nyama, kwenye maziwa, mayai, mkate. Sisi miili yetu inakivunja. Wa kwake hauwezi. Kinajikusanya kwenye damu, kinapanda kichwani, kinaunguza ubongo."

"Unasema mkate ni sumu?" ukauliza wewe.

"Kwake yeye, ndiyo."

"Binti, tubu kwa Mungu."

"Bibi, mimi nakwambia ninachokiona kwenye damu."

"Kautoa wapi ugonjwa huo?"

"Kwa baba na kwa mama. Kila mmoja amebeba nusu, na nusu haimsumbui mtu."

Hapo ulisimama. "Haiwezekani! Sisi tulihesabu mababu saba kabla ya posa. Saba upande wetu, saba upande wao. Hawakutani popote!"

"Wangetoka nchi mbili mbalimbali bado wangeweza kukutana kwenye hili. Hamkukosea hesabu, Bibi. Hili halishikwi na hesabu yenu."

Ukakaa. Ukauliza sasa atakula nini. Daktari akasema viazi kidogo, karoti, kabichi, matufaha, na maziwa maalumu ya unga yanayotengenezwa kwa watoto kama yeye, kila siku ya maisha yake.

"Majani," ulisema.

"Ndiyo, Bibi. Majani."

"Sisi majani tunawapa kondoo, halafu tunakula kondoo. Wewe unataka tumruke kondoo."

Daktari alicheka, maskini, na wewe ukacheka kidogo. Gulzat hakucheka. Alikuwa amerudi nyumbani kichwani mwake, kwenye godoro, miezi ile yote. Kila Burul alipolia alimpa titi. Kila aliponyamaza alimshukuru Mungu. Aliuliza swali moja tu, kwa sauti ambayo daktari alilazimika kuinama ili aisikie: ingekuwaje kama wangejua siku alipozaliwa?

Daktari hakumdanganya. "Angekuwa kama watoto wengine. Kilichoungua kimeshaungua, dada. Kilichobaki tunaweza kukiokoa, mkifuata masharti bila kukosa. Mkikosa, kitaungua nacho."

Mama, tangu siku ile nyumba yetu nzima inaishi kwa ajili ya kilichobaki.

Maksat alihangaika Urusi akayapata yale maziwa, akawa anayatuma kwa madereva wa malori. Yananuka viazi vilivyooza. Burul aliyatema. Gulzat aliyadondoshea ndani ya shavu lake kidogo kidogo huku anamwimbia, anatukanwa kwa kilio, anamwimbia tena. Kile kichwa kiliacha kuinama. Siku moja Burul alikaa mwenyewe katikati ya zulia, akashangaa kuona dunia ikiwa imesimama wima, na wewe ulikimbia nje ukapiga kelele hadi mbwa wakaitikia.

Lakini damu haikutulia. Kila walipokwenda Bishkek kupima, daktari alikunja uso.

"Unampa kitu."

"Simpi."

"Dada, kuna mtu anampa."

"Hakuna. Nakula naye mimi, nalala naye mimi."

"Basi anaota chakula, au vipi?"

Gulzat akajishuku mwenyewe. Alinawa mikono mpaka ngozi ikapasuka, akidhani unga unabaki kwenye kucha zake. Akapunguza viazi, mtoto akalia njaa. Akaacha kula mkate mbele yake, kisha akaacha kuula kabisa, akakonda mpaka pete ikamtoka kidoleni na kuingia kwenye beseni la vyombo. Tulimwona. Tulisema ni uchovu.

Siku aliyogundua, gari la kwenda mjini lilikuwa limeshaondoka nao. Burul yuko mapajani, anatafuna. Gulzat aliingiza kidole mdomoni mwake akatoa kibonge cha mkate, laini, kimelowa. Akamwambia dereva asimame amsubiri. Alirudi kwa miguu, mtoto kiunoni, vumbi mpaka magotini, akasimama mbele yako mlangoni na kiganja wazi.

"Mama, nini hiki?"

"Mkate."

"Kila safari?"

"Kila safari. Kipande kama ukucha tu. Wewe unataka aondoke hivihivi? Unataka asirudi?"

Ndipo tukamsikia Gulzat akipaza sauti kwako, mara ya kwanza na ya mwisho. "Mama, harudi! Kila ukimpa anakwenda mbali zaidi! Mtazame! Amekaa kiunoni mwangu na hayupo! Mwite uone kama yupo!"

Hukumwita. Ulikaa juu ya kizingiti, pale ambapo sisi wote tulipigwa utotoni kwa kukaa. Dereva akapiga honi. Ukamwambia Gulzat, "Nenda, watakuacha." Akaenda. Na wewe ulitoka ukasimama barabarani, ukasimama hapo mpaka gari liliporudi jioni ya siku ya pili, kwa maana kwamba chakula tulikuletea palepale na usingizi uliuchukua kwenye lori la Mjomba lililoegeshwa kando. Ulikuwa umemwacha aende bila kumwonjesha. Hatujui mtu mwingine aliyewahi kuogopa vile na bado akafanya alilotakiwa.

Kipimo cha damu cha safari iliyofuata kilishuka. Daktari alimkumbatia Gulzat.

Na baada ya hapo, ole wake aliyeleta mkono. Tunakukumbuka kwenye harusi na kwenye tohara, umekaa na Burul ubavuni, fimbo mapajani. Mzee anamletea kipande cha mkia wa kondoo, unampiga mkono. Bibi wa watu anatoa mfukoni kuruti, vile vidonge vya maziwa makavu anavyopewa kila mtoto wa Kikirgizi tangu hajaota meno, unavipokea, unavitia mfukoni mwako, unasema ahsante, huyu hali. Mjomba Toktosun, kaka yako mkubwa, alikuomba kwa unyenyekevu, "Dada, hata mfupa wa kunyonya tu?"

"Unyonye wewe. Una jino moja, limechoka kukaa bila kazi."

Gulzat asingeweza. Mkaza mwana hawezi kurudisha mkono wa mzee. Akiurudisha, si mkono tu ameurudisha, ni ukoo mzima wa mumewe. Wewe ulikuwa na umri, na fimbo, na ulimi. Wewe ndiye uliyekuwa "hapana" yake. Burul akajifunza kupanda ngazi za mlango. Akajifunza kukuvuta sikio. Neno hakuwa nalo, na daktari alisema huenda asiwe nalo kamwe, lakini alikujua, na ulipoingia alipiga makofi.

Halafu ukafa, Mama, na ile "hapana" tukaizika pamoja na wewe.

Tulidhani kijiji kimeelewa. Kilikuogopa tu. Siku ya arobaini, Gulzat alimkuta Burul nyuma ya jiko, shavu limevimba kwa kuruti. Anipa alikuwa amechuchumaa mbele yake na machozi. "Yatima wa bibi! Hata kuonja jamani? Kidogo tu, dada, kitamfanya nini?" Anipa si mtu mbaya. Hilo ndilo linalotutesa. Hakuna hata mmoja anayemlisha kwa ubaya. Wanampa kwa sababu wanamwona mtoto mwembamba mwenye nywele za majani anayekula karoti katikati ya watu wanaokula nyama, na roho inawauma, na wanajua namna moja tu ya kuituliza.

Gulzat akaacha kwenda kwenye harusi. Akafunga lango mchana, jambo ambalo kwetu hufanywa na mtu mwenye ugomvi au mwenye wazimu, na watu wakaanza kuchagua ni lipi kati ya hayo. Majira ya kuchipua Burul aliacha kupanda ngazi. Alikaa chini ya ngazi, akizitazama kama kitu alichowahi kukisikia. Kile kichwa kikaanza kuinama tena. Gulzat alimpigia simu Maksat, akamwambia rudi, siwezi peke yangu, nisaidie kukataa. Maksat alilia kwenye simu. "Nikirudi, maziwa yake atayatuma nani?"

Hapo ndipo hitima yako ilipotukuta.

Mtoto hangeweza kufichwa. Mjukuu wa marehemu akikosekana kwenye hitima ni kama marehemu amekanwa. Gulzat alimfunga Burul mgongoni kwa ile shali yako ya kijivu, akafanya kazi naye hivyo tangu alfajiri, akimimina chai, akipanga bakuli, ili asifikiwe na mkono wa mtu. Alikuwa ameshamlisha viazi vyake. Alikuwa amepanga, mtu akiuliza, aseme amelala.

Mafuta yakachemka, boorsok zikakaangwa, ile mikate midogo ya dhahabu ambayo harufu yake huwafikia waliotangulia wakajua hawajasahauliwa. Zikamwagwa juu ya kitambaa, chungu kwa chungu. Mjomba Toktosun, ambaye ndiye mkubwa wetu, alifunua mikono kwa ajili ya dua, kisha akatazama huku na huku. Wa damu yako wote lazima waonje kwanza.

"Yuko wapi mdogo?"

Gulzat alifungua mdomo kusema amelala.

"Mkate," alisema Burul.

Alisema wazi kabisa, juu ya bega la mama yake. Hakuna aliyesikia vibaya. Wanawake wakapiga yowe, birika likamtoka Anipa mikononi, na Mjomba Toktosun akashika kichwa chake kwa mikono miwili kama mtu aliyepigwa.

"Amesema! Jamani, mtoto amesema! Sairakan, unamsikia? Mjukuu wako amesema!"

Gulzat alifungua shali. Mama, yeye alikuwa amelisubiri neno kwa namna ambayo sisi hatuwezi kuielezea. Alikuwa akimlaza mtoto huku anamtajia vitu vya chumbani kimoja kimoja. Alimwambia wifi yake wakati fulani kwamba hata likiwa tusi atalibusu. Akamshusha Burul mbele yake, akamtazama usoni. Mtoto alikuwa ananyoosha mikono yote miwili kuelekea kitambaani, macho yake yamesimama, yanaona, yanataka.

"Mkate. Mkate."

"Mpe!" watu walilia. "Mpe, ameomba mwenyewe!" Wazee waliozika wana bila kutoa chozi walikuwa wanalia. Mjomba Toktosun alichagua boorsok nzuri kuliko zote, akapiga magoti na lile goti lake bovu, akaiweka kwenye kiganja cha Burul na kuvifunga vidole vyake juu yake.

"Kula, kipenzi. Huu ni wa bibi yako."

Burul aliipeleka mdomoni.

Gulzat alimshika mkono. Alifungua vidole vile, kimoja, kingine, kingine. Mtoto alikuwa na nguvu ambazo hatukujua anazo. Akaichukua boorsok. Burul alitazama kiganja kitupu, akatazama uso wa mama yake, na kilio alichokitoa ndicho kilio cha mtu aliyeelewa kabisa alichofanyiwa.

"Gulzat!" Mjomba bado alikuwa amepiga magoti. "Hiki ni chakula cha marehemu!"

"Najua, Mjomba."

"Unamnyima mtoto mkate wa bibi yake?"

"Ndiyo."

"Mbele ya watu wote hawa? Mbele yangu mimi?"

"Mbele yako, Mjomba. Na kesho nyuma yako. Anayetaka kumpa mwanangu kitu aanze kunizika mimi."

Hakuwa anapiga kelele. Ingekuwa afadhali angepiga. Anipa alijaribu, "Dada, leo tu, kwa kuwa amesema..." na Gulzat akamgeukia. "Amesema kwa sababu ubongo wake haujaungua wote. Ndiyo maana umesikia sauti yake leo. Unataka kuuchoma kwa furaha?"

Mjomba Toktosun aliinuka akisaidiwa na vijana. Alipangusa magoti. Alisema kwamba kwa miaka yote aliyoishi hajawahi kuona chakula cha maiti kinanyang'anywa mkononi mwa mtoto, na kwamba dua hataisoma kwenye nyumba hii. Akatoka, na karibu nusu ya watu wakatoka nyuma yake, nyama ya farasi wako ikibaki inaganda kwenye sinia. Mullah wa kijiji cha jirani alisoma kwa haraka, akaondoka kabla ya chai.

Kwa hiyo hitima yako haikwenda kama ulivyostahili, Mama. Kwa hilo tunakuomba radhi. Kwa Gulzat hatumwombi radhi mtu yeyote, na tunaliandika hapa ili wale waliotoka walisome: kile mlichokiita ukosefu wa adabu ndicho kitu pekee kinachosimama kati ya mtoto yule na giza. Mkija, karibuni. Lango tumelifungua. Lakini njooni na mikono mitupu.

Burul hajaliacha neno lake. Analisema akiamka. Anamwambia mbuzi, anauambia ukuta, anamwambia kila anayeingia, na kila anayeingia anageuza uso. Gulzat anampa kiazi, anakitupa. Anampa tufaha, analitupa. Kisha njaa inamshinda, anakula akiwa amemkasirikia mama yake, na Gulzat anakaa naye mpaka amalize, akiomba yale maziwa yafike kabla njia ya milimani haijafungwa na theluji.

Wakati wa mchana, kazi zikipungua, anamweka mbele yake juani. Anagusa kifua chake mwenyewe, anasema, "Mama." Anasubiri. Anasema tena. Burul anamtazama midomo. Anafikiri, tunamwona anavyofikiri, paji lote linajikunja kwa juhudi, mdomo wake unajaribu kukaa mahali pake.

"Mkate," anasema Burul.

"Hapana, kipenzi," anasema Gulzat, na anaanza upya.

Unakumbukwa na mwanao Maksat aliye Urusi. Mkaza mwana wako Gulzat. Binti zako Zeinep na Kanyshai na waume zao. Mjukuu wako Burul. Jirani yako Anipa, aliyeomba jina lake liwemo. Na kaka yako Toktosun, ambaye hajaongea nasi tangu siku ile, lakini jina lake haliwezi kukosekana hapa.

Hututoki, Mama. Maadamu tunapumua, unakumbukwa.